Historia ya kale au maisha ya mwanasiasa: ungebeba kipi? Tupeane uzoefu

Msomaji wa Kondele: Wadau, muuza vitabu vya mitumba barabara ya Oginga Odinga ameniwekea viwili: historia nene inayotoka Sumeri hadi Roma inaanguka mwaka 476, na kile cha maisha yake alichoandika Jaramogi Oginga Odinga mwenyewe, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, mwaka 1967. Pesa yangu inatosha kimoja. Nani amewahi kukwama hapa?

Mwana Nyamasaria: Jaramogi! Utajuaje visa vya Nero wa Roma na hujui mkutano wa chama cha KANU pale Limuru 1966, cheo chake cha makamu wa rais wa chama kilivyogawanywa vipande vinane ili yeye aanguke?

Wa Nakuru: Mwanasiasa akijiandika huwa wakili na hakimu wa kesi yake. Mimi historia ya kale ndiyo iliyonikesha. Jeshi la Kushi, ufalme wa kale wa Sudan, lilivamia Aswan ya Warumi kule Misri, likabeba kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augustus, kikazikwa Meroe, mji wao mkuu, chini ya ngazi za hekalu ili kila apitaye akikanyage! Kilifukuliwa 1910.

Mwana Nyamasaria: Na hicho kitabu chako kiliipa Meroe kurasa ngapi? Changu kiliipa aya moja. Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri, mwandishi anapita kama hajaziona.

Wa Nakuru: Basi mlaumu mwandishi, usiilaumu historia.

Nyar Ugenya: Huo mwaka 1967 umenitonesha. Baba alikuwa mwalimu wa msingi, na kitabu hicho hakikuwahi kukaa mezani kwetu. 1986, watu wakikamatwa kwa habari za Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, alikifunga kwa nailoni akakifukia kwenye mtama ghalani. Usiku wakaja watu na tochi. Wakamwaga magunia ya nyumbani, wakapasua godoro la watoto. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa ghala ananyonyesha mdogo wangu. Wakamwambia ainuke, akahamishia mtoto titi la pili, hakuinuka. Wakaondoka na maandalio ya masomo ya baba, na baba mwenyewe. Alirudi mvua za vuli zimekwisha, amekonda, haongei. Kitabu hakuna aliyethubutu kukigusa. Tulipokuja kukitoa, mchwa walikuwa wameanzia nyuma. Dibaji ya Kwame Nkrumah wa Ghana ilikuwa nzima, utoto wa Jaramogi kule Sakwa ulikuwa mzima, mbele ya hapo vumbi tupu.

Kakamega Mjini: Uuuwi! Mama yupo?

Nyar Ugenya: Yupo, anapalilia.

Mwana Nyamasaria: Mpe salamu zetu, dada. Mwambie tumesimama.

Mzee wa Ahero: Jamani, kijana aliuliza swali. Nunua kinene, mwanangu. Jaramogi waulize wazee, tungali hai.

Kakamega Mjini: Mzee, wengine wetu wazee walishazikwa. Achukue cha Jaramogi. Au amwachie muuzaji kitu kidogo amshikie cha pili hadi mwisho wa mwezi.

Wa Nakuru: Baada ya hiyo ya dada, hata mimi ningechukua cha Jaramogi. Lakini Meroe usiisahau.

Msomaji wa Kondele: Nimeshakilipia cha Jaramogi.

Nyar Ugenya: Basi ndugu yangu, nipigie picha kurasa za Limuru. Baba hakuwahi kutusimulia, na mimi sijazisoma.