IST ya Mama na oili nyekundu

Kikundi: UKOO WA BIBI MWANAIDI 🌴
Jumamosi

Rama: Shikamooni wakubwa. Mjomba upo hewani? Namwaga oili ya injini ya gari la Mama, Toyota IST, hapa nyumbani

Mjomba Tanga: Marahaba. Nipo. Safi sana, fundi wa nyumbani

Rama: Kuna kitu sikielewi. Hii oili iliyotoka ni nyepesi halafu ina wekundu kwa mbali. Ya injini si huwa nyeusi tii?

Mjomba Tanga: Usiwashe gari

Mjomba Tanga: Ramadhani umeona? USIWASHE GARI

Rama: Sijawasha Mjomba. Ila oili mpya nimeshamimina lita tatu

Idi: 😂😂😂 mungu wangu

Zai: Jamani kuna nini

Mjomba Tanga: Nati uliyofungua iko upande wa dereva au wa abiria?

Rama: Abiria

Mjomba Tanga: Ulifungua kwa spana au kwa alenki?

Rama: Alenki namba 10. Nilienda kuazima kwa Baba Asha maana spana ilikataa

Mjomba Tanga: Haya. Umemwaga oili ya giaboksi. Nati ya injini ina kichwa cha kawaida, spana namba 14, iko upande wa dereva. Hiyo ya alenki ni ya giaboksi. Kwa hiyo sasa giaboksi haina oili ya kutosha na injini ina oili ya zamani pamoja na lita zako tatu juu yake. Ungewasha hapo, tungekuwa tunaongea mengine

Mama: Rama mimi harusi ya Mbagala ni saa kumi. Gari litakuwa tayari?

Idi: Shangazi agiza bajaji mapema 😂

Rama: Mama nisamehe, litakuwa tayari

Mjomba Tanga: Halitakuwa tayari. Dada panda bajaji

Mjomba Tanga: Rama nipigie picha, gari umelipandisha juu ya nini?

Rama: (picha)

Mjomba Tanga: Tofali za saruji??? Toka chini ya hilo gari sasa hivi. Tofali huwa halioneshi ufa, linapasuka mara moja. Nenda hiyo gereji bubu ya kona uazime stendi mbili, uweke na mawe nyuma ya tairi. Ukirudi tuendelee

Zai: Mama upo huko nyumbani mwangalie jamani

Mama: Nilimwambia. Akasema ameona kwenye video

Idi: Mjomba kwani ya giaboksi si huwa haibadilishwi? Dukani waliniambia hivyo

Mjomba Tanga: Ingekuwa haibadilishwi wasingeweka nati ya kumwagia. Mle ndani kuna joto na klachi zinazosagana, oili inachakaa kama kitu kingine chochote. Dada, toka ulinunue hilo gari umewahi kubadilisha?

Mama: Ndiyo nini hiyo

Mjomba Tanga: Basi Rama amekosea akapatia

Rama: Stendi nimepata. Gari limekaa vizuri

Mjomba Tanga: Sasa sikiliza. Ile iliyotoka umeimwaga?

Rama: Ipo kwenye beseni. Baba Asha anaitaka apake nguzo za uzio, mchwa wanamsumbua

Mjomba Tanga: Asiiguse kwanza. Ipime. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu ujaze. Hicho ndicho kipimo chako, kilichotoka ndicho kinachorudi. Na uinuse

Idi: Ainuse tena 😂

Mjomba Tanga: Idi nyamaza. Ikinuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeshaanza kwisha na oili mpya haitaziponya

Rama: Chupa moja imejaa, ya pili imebaki kidogo ijae. Ni kama lita 2.8. Harufu ni ya oili tu, rangi kama chai ya rangi iliyolala

Mjomba Tanga: Alhamdulillah. Nyingine karibu kiasi hichohicho imebaki kwenye toki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, haitoki kwa nati. Ndiyo maana ukitaka iwe safi unaendesha wiki moja mbili, unamwaga tena na kujaza tena. Usikubali mtu akuambie aisukume yote kwa mashine kwenye gari ambalo halijawahi kubadilishwa

Idi: Mimi nina oili ya giaboksi, Dexron, imebaki nusu galoni, njoo uchukue bure

Mjomba Tanga: Bure hiyo itamgharimu. IST ya Dada ni ya 2003, inataka ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) aina ya Type T-IV. Imeandikwa hata kwenye kijiti cha kupimia. Rama chomoa usome

Rama: Kweli! T-IV. Na kuna alama za COLD na HOT

Zai: Mjomba na Vitz yangu? Ni 2008, cc 990. Nayo T-IV?

Mjomba Tanga: Hapana mwanangu. Hiyo ni CVT, ina mkanda wa chuma na puli, oili yake ni ya CVT peke yake. Ukiweka ATF ya kawaida mkanda unateleza na giaboksi umeiua. Wewe usiguse nati yoyote, huko Dodoma tafuta fundi anayejua neno CVT kabla hujamtajia

Rama: Naenda Gerezani kununua. Kopo la lita nne linatosha?

Mjomba Tanga: Linatosha na linabaki. Angalia mfuniko kama haujafunguliwa, feki zipo nyingi. Nunua na washa mpya ya nati, faneli yenye mpira mrefu mwembamba maana unajazia kwenye tundu la kijiti, na lita nne nyingine za oili ya injini na filta

Rama: Ya injini tena?? Si nipunguze tu ifike kwenye alama?

Mjomba Tanga: Umechanganya mpya na iliyokwisha. Mwaga yote

Mama: Hiyo pesa ya oili ya pili ni ya nani

Rama: Yangu Mama 😭

...

Rama: Nimerudi. Ya injini nimemwaga, nimejaza upya, kijiti kinasoma vizuri. Giaboksi nimeweka washa mpya nikakaza, nimemimina 2.8

Mjomba Tanga: Hukuikaza kwa kupanda juu ya alenki? Hiyo nyumba yake ni aluminiamu, inakatika rezi

Rama: Nimekaza kwa mkono wa kawaida

Mjomba Tanga: Shusha gari, liwe sehemu tambarare. Washa. Mguu kwenye breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka mwisho taratibu, kila moja sekunde chache, rudisha P. Usizime. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena

Rama: Iko kwenye COLD, kati ya alama mbili

Mjomba Tanga: Hapo hapo. Zungusha mtaani dakika ishirini, upime tena injini ikiwa inanguruma, isome HOT. Ikipungua ongeza kidogokidogo. Ikizidi inatoka povu, ni tabu kuliko kupungua

Rama: Nimezunguka. HOT, katikati. Na gia ya kurudi nyuma, R, inaingia bila ule mshtuko wa zamani!

Idi: Fundi Rama kwa bahati mbaya 👏😂

Mama: Mimi nipo ukumbini. Bajaji elfu nane

Jumatatu

Mama: Rama gari limekuwa laini. Lakini nimeegesha hapa kazini naona chini kuna matone

Rama: Upande wa dereva au wa abiria?

Mama: Abiria

Rama: Mjomba 😰

Mjomba Tanga: Dada weka kidole. Ni jekundu linateleza, au ni maji?

Mama: Maji

Mjomba Tanga: Ulikuwa umewasha AC?

Mama: Joto lote hili niendeshe bila AC?

Mjomba Tanga: Ni maji ya AC. Rama pumua