Pilau nimeipasha hadi ikatoa mvuke, mbona watoto wametapika?

Mama Swafia, Kisauni:
Assalaam aleikum. Jana shemeji alituletea pilau ya harusi, imejazwa kwenye ndoo ya plastiki na kufunikwa. Ilipikwa asubuhi, ikatufikia baada ya Isha. Haikunuka wala haikuteleza. Nikaipasha kwa moto mkali, tukala. Usiku huohuo watoto wote watatu wakaanza kutapika mfululizo. Homa hakuna. Si moto huua vijidudu?

Muuguzi Mstaafu, Frere Town:
Pole sana mwanangu. Vijidudu umeviua, sumu yao imebaki. Namshuku Bacillus cereus, bakteria wa mchele. Ana mbegu ngumu ambazo mchemko wa kawaida hauziui. Pilau ikipoa polepole ndani ya ndoo, kwa joto letu hili la Mombasa, mbegu zinachipua, bakteria wanazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo hata uichemshe nyuzijoto 121 kwa dakika 90 haivunjiki, sembuse jiko lako. Kutapika huanza nusu saa hadi saa sita baada ya kula, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Kwa hiyo usiulize pilau ilipashwaje. Uliza ilikaa vuguvugu muda gani.

Mpishi wa Shughuli, Majengo:
Bi mkubwa amenena. Mimi pilau ikiiva naitandaza kwenye masinia mapana ipoe haraka, ndipo iingie frijini. Wenye harusi hununa, wanataka ibaki kwenye sufuria ionekane nyingi! Na anayepakua akiwa na kidonda kidoleni, simruhusu.

Muuguzi Mstaafu:
Umefanya vyema. Kidonda hubeba bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, na sumu yake nayo haisikii moto. Ila nyama iliyopoa ndani ya sufuria kubwa ina wake, Clostridium perfringens: huyo huleta msokoto wa tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, kutapika ni nadra. Mama Swafia, watoto wako vipi sasa?

Mama Swafia:
Wakubwa wanacheza. Mdogo, wa mwaka mmoja, amelegea, midomo imekauka, na nepi haijalowa tangu alfajiri.

Muuguzi Mstaafu:
Huyo usimngoje, mpeleke hospitali sasa hivi. Njiani mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, kijiko kimoja kimoja, akitapika subiri dakika kumi kisha endelea. Kama ananyonya, mnyonyeshe. Dawa ya kuzuia kutapika usimpe kwa kujiamulia. Na waeleze pilau ilipikwa saa ngapi na kutapika kulianza saa ngapi.