Naomba ushauri: kidole kilichounganishwa kinageuka zambarau

Wakuu wa upasuaji wa mkono, habari za kazi. Tuko Kampala, vidole tunavyoletewa vimekatwa na panga au mashine ya kukamua miwa. Tunafupisha mfupa kidogo, tunaukaza kwa waya za Kirschner (pini nyembamba za chuma), tunashona kano, halafu ateri (mishipa inayoleta damu), neva na vena (inayoirudisha) kwa nailoni ya 10-0, uzi mwembamba kuliko unywele, vena mbili kwa ateri moja tukizipata.

Ateri hazisumbui. Shida ni vena: kidole kinavimba, kinakuwa zambarau, ukibonyeza ncha na kuachia rangi inarudi upesi mno, ukichoma sindano inatoka damu nyeusi. Ruba wa hospitali, wa kunyonya damu iliyokwama, hatuna, na wa kinamasi sithubutu. Kwa hiyo tunang'oa ukucha na kusugua chini yake kwa shashi yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kila saa, huku tukipima hemoglobini, maana damu inayopotea si mchezo.

Mnaendelea hivyo siku ngapi? Na nani anapandikiza vena ya kigasha mapema, badala ya kuvuta fupi zilizobaki?

(Wenzetu wa wilayani mnaotuletea vidole vilivyokatwa: shashi yenye maji ya chumvi, mfuko mkavu, ndipo barafu. Kidole kikigusa barafu chenyewe, kinaharibika.)