Mjadala: Shilingi ya Tanzania ilipanda 2025 kwa marufuku ya dola, au ni msimu tu?

Mzee wa Forodhani: Wakuu, kanuni za 28 Machi 2025 zilikataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mei dola ilikuwa karibu shilingi 2,700, Septemba ikawa chini ya 2,500. Mliosema karatasi haishushi dola, mpo?

Kibunda: Tupo sana. Mei dola huwa adimu kila mwaka: watalii wachache, korosho zimeshauzwa. Julai wageni wanajaa, Oktoba minada ya korosho inaanza. Desemba 2024 dola ilishuka hadi karibu 2,400 na kanuni hizo hazikuwepo. Ongeza dhahabu iliyovuka dola 3,000 kwa wakia.

Mzee wa Forodhani: Acha dharau. Mpangaji wa Masaki, Dar, aliyedaiwa dola 1,000 kwa mwezi alikuwa lazima akazinunue. Sasa hanunui. Zidisha kwa maofisi na ada za shule.

Dalali wa Benki: Hanunui yeye, ananunua mwenye nyumba. Akipokea milioni 2.5 anazigeuza dola jioni hiyohiyo, maana akaunti ya dola haijakatazwa. Kilichokufa ni ule ujanja wa kukupigia 2,800 wakati ubao wa benki unasema 2,650. Tena mikataba ya zamani ilipewa hadi mwaka mzima. Afadhali yetu inapumua, ya jirani Kenya imegandishwa 129 kwa dola kama saa mbovu.

Karani wa Mombasa: Hapo kwa saa mbovu umeniguza. Januari 2024 dola ilipita 160 kwa hofu ya deni la dola bilioni 2 la kulipwa Juni. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 kwa hati yenye riba ya 9.75%, ikalipa sehemu kubwa mapema. Benki kuu yetu, CBK, ikafikisha riba yake 13%, bondi ya miundombinu ikatoa 18.46% bila kodi, wawekezaji wa nje wakamiminika. Hiyo ni soko, si kugandisha.

Kibunda: Umeeleza ilivyoshuka, hujaeleza ilivyokaa. Juni 2024 vijana barabarani, Muswada wa Fedha ukatupwa, Julai Moody's, wapimaji wa uwezo wa kulipa madeni, wakashusha daraja la Kenya. Shilingi? 129.

Karani wa Mombasa: Benki kuu inayotetea fedha dhaifu huuza dola, akiba inaisha. Yetu ilitoka kama dola bilioni 7 hadi zaidi ya 9 mwaka huohuo. Ilikuwa inanunua! Pesa za diaspora peke yake zilikaribia bilioni 5.

Dalali wa Benki: Basi umekiri, bwana. Kununua dola kila inapotaka kushuka ni kushikilia vilevile. Mkulima wa chai anafurahi, mwagizaji mafuta analipa.

Mama Kontena: Mkimaliza ugomvi wa 129, anayeagiza mzigo wa siku 90 aombe bei ya mbele, yaani bei ya dola inayofungwa leo kwa malipo ya siku hiyo. Chukua 2,500 ya leo, riba ya mwaka ya shilingi 9% na ya dola 4.5%: inatoka karibu 2,527. Benki ikikutajia 2,600, hiyo tofauti ni mfuko wao.

Dalali wa Benki: Hesabu safi, mama. Ila mteja mdogo huambiwa aweke dhamana ya fedha taslimu, na mtaji huo unalala siku zote 90. Uliza asilimia ngapi kabla hujasaini.

Karani wa Mombasa: Sijakiri chochote.