Kukiri kosa ili upate matibabu: haki ya mshtakiwa iko wapi?

Msaidizi wa kisheria, Kasulu: Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma kuhusu mahakama za Marekani zinazoshughulikia waraibu wa dawa za kulevya, ambazo ya kwanza ilianzishwa Miami mwaka 1989, na ambazo humpeleka mshtakiwa kwenye matibabu badala ya gerezani. Lengo nalikubali. Kinachonitatiza ni kwamba nyingi kati yake humtaka akiri kosa kwanza, ndipo apokewe. Je, mtu anayetetemeka kwa arosto mahabusu anakiri kwa hiari?

Wakili, Tabora: Kwetu kukiri hakupokelewi juujuu. Tangu shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, hakimu hutakiwa kumweleza mshtakiwa vipengele vya kosa kwa lugha anayoielewa na kuandika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe. Kisha maelezo ya kosa husomwa, na akiyapinga, huandikwa kuwa amekana. Nionavyo, hatari kubwa zaidi ya mahakama hizo huja baadaye: akishindwa masharti, hukumu inamngoja bila ushahidi kusikilizwa, na miezi aliyokwisha kupimwa mkojo na kuripoti mara nyingi haimpunguzii kifungo.

Afisa ustawi wa jamii, Kigoma Mjini: Nakubaliana na wakili, ila tusiikatae njia yenyewe. Zipo mahakama za aina hiyo ambazo husimamisha shtaka bila kudai kukiri, na mshtakiwa akimaliza matibabu shtaka hufutwa. Huo ndio mfano wa kuigwa. Ningeongeza sharti moja: anachomwambia muuguzi kisigeuzwe ushahidi dhidi yake, maana akijua kitamrudia mahakamani, ataficha hata idadi ya kete anazotumia.

Msaidizi wa kisheria, Kasulu: Nashukuru. Niliwahi kuzungumza na mzee mmoja, msemaji wa Kiha, aliyesomewa shtaka la bangi akajibu, "Ni kweli." Alikuwa na maana kwamba ni kweli imekutwa nyumbani kwake, wala hakusema kuwa ni yake, na kwa bahati maelezo yaliposomwa alipinga. Kwa hiyo, mpango kama huo ukija kwetu, nashauri mshtakiwa apewe kwanza siku kadhaa za kuonana na wakili au msaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na aelezwe adhabu atakayopata akishindwa kabla hajaweka dole gumba.