Nosara, Pavones au Puerto Viejo: tununue wapi nyumba ya mapumziko Costa Rica?

MpwaniToronto
Habari zenu wakuu. Sisi ni watu wa Kilifi, tuko Toronto mwaka wa 14 sasa. Baridi ikikaza tunakwenda Costa Rica, kwa sababu nauli ya watu wanne hadi Mombasa hatuimudu kila mwaka. Watoto wangu, miaka 9 na 12, wamejifunzia huko kuteleza mawimbini kwa ubao na hawataki kusikia pengine. Tumeweka akiba ya nyumba ya vyumba viwili: wiki sita tukae wenyewe, miezi mingine tupangishe.

Tumebaki na sehemu tatu. Nosara iko Guanacaste, upande wa Pasifiki. Wimbi la Playa Guiones linavunjikia mchangani na pana nafasi ya kutosha. Pavones iko kusini kabisa, karibu na Panama. Wimbi lake la kushoto ni miongoni mwa marefu zaidi duniani, ukilipanda siku nzuri miguu inachoka kabla halijaisha. Puerto Viejo iko upande wa pili, bahari ya Karibi. Huko ndiko moyo wangu uliko, lakini mume wangu anataka Nosara. Nisaidieni kupima.

KakaUbao
Dada, nimekaa Nosara misimu minne. Kwa watoto wa umri huo niko na shemeji. Kuanzia Desemba hadi Aprili asubuhi upepo hutoka bara, wimbi linasimama safi, jua kila siku. Mvua zikianza Mei ndipo mawimbi makubwa ya kusini yanapofika, hapo watoto wabaki kwenye povu karibu na ufuo. Angalia tu kupwa na kujaa: siku za bamvua tofauti inakaribia mita tatu, ufuo wa saa mbili asubuhi siyo ule wa saa nane mchana.

Kingine ninachopenda ni kwamba hakuna hoteli iliyokaa juu ya ufuo. Ukanda wa pwani uko ndani ya hifadhi ya Ostional, ambako kasa hupanda kwa maelfu kutaga. Wanakijiji wa Ostional wanaruhusiwa kisheria kuchukua mayai ya mwanzo, yale ambayo wimbi la kasa wanaofuata lingeyafukua na kuyaharibu, na wao ndio walinzi wa ufuo. Nilisimama pale usiku mmoja, nikasikia magamba yakigongana gizani kama sufuria zinazooshwa. Sijasahau.

Ubaya wake: bei iko juu, vumbi la Machi linaingia hadi kabatini, na pale Guiones utasikia Kiingereza kuliko Kihispania. Utamaduni wa Guanacaste utaufuata Nicoya na Santa Cruz: marimba, mafahali, na sherehe za 25 Julai, siku ya mwaka 1824 ambayo watu wa Nicoya waliamua wenyewe kujiunga na Costa Rica.

HatiKwanza
Kabla ya wimbi, tuzungumze karatasi. Costa Rica mgeni anamiliki ardhi yenye hati sawasawa na raia. Lakini sheria namba 6043 ya mwaka 1977 imeweka ukanda wa mita 200 kutoka alama ya maji kujaa. Mita 50 za kwanza ni za umma, hajengi mtu. Mita 150 zinazofuata kwa kawaida huuziwi, halmashauri inakukodisha kwa miaka 5 hadi 20, na mgeni hapati mpaka awe amekaa nchini kihalali miaka mitano.

Nasema kwa uchungu. Tulipenda nyumba moja, varanda yake unaona bahari ukiwa umelala. Dalali akasema "hati ipo", tukatoa arubuni. Kumbe hati ilikuwa ya kipande cha nyuma tu; nyumba yenyewe ilikaa ndani ya ukanda. Vigingi vya saruji vya mpaka vilikuwa vimefunikwa na maua. Arubuni ile haijarudi mpaka leo. Kwa hiyo wakili wako, wala si wa muuzaji, atafute namba ya kiwanja Registro Nacional, yaani masjala ya taifa ya ardhi, na ramani ya upimaji, kisha nyinyi wenyewe mkatembee mpaka mzima kwa miguu.

Omba pia barua ya maji ya kamati ya maji ya kijiji, ASADA. Guanacaste ina viwanja vizuri ambavyo havijengeki kwa kukosa maji. Gharama: kodi ya kuhamisha ni asilimia 1.5, na ya kila mwaka asilimia 0.25 ya thamani iliyosajiliwa.

Mzee_wa_Kaskazi
Pavones ni ya kijana asiye na mke. Barabara mbaya, hospitali mbali, na ardhi yake ina historia ndefu ya migogoro. Nyumba ikikaa tupu miezi kumi, utakuta mtu ameshapanda migomba. Nendeni mkapande wimbi, mrudi.

BintiMvita
Dada yangu, moyo wako haujakosea. Nilikwenda Puerto Viejo na kijiji jirani cha Cahuita nikiwa na huzuni ya kumzika bibi, na Jumapili ya kwanza nikanusa jikoni kwake. Mama mmoja alikuwa anakuna nazi kwa kikunio cha bati, anakamua tui, anapika wali na maharage mekundu pamoja. Juu akaweka pilipili nzima, nono, akasema isipasuke. Bibi yangu alikuwa akisema maneno hayohayo!

Wale ni wajukuu wa Wajamaika waliokuja kujenga reli ya Limón, bandari ya upande huo wa Karibi, miaka ya 1870, wakabaki kwenye mashamba ya ndizi. Marcus Garvey, Mjamaika mpigania haki za watu weusi, aliwahi kufanya kazi Limón, na jengo la mwaka 1922 lenye jina la Black Star Line, kampuni yake ya meli, lilikuwa nyumba ya jamii mpaka lilipoungua 2016. Mzee Walter Ferguson wa Cahuita, aliyefariki 2023 akiwa na miaka 103, alirekodi nyimbo zake za kalipso kaseti moja moja na kuwauzia wageni, kila moja akiiimba upya. Mpangieni safari watoto waone 31 Agosti, siku ya Waafro-Kostarika. Mtoto mweusi anayekulia Toronto anahitaji kuona hilo kuliko wimbi laini.

Mzee_wa_Kaskazi
Ni kweli, lakini mwambie na hatari. Salsa Brava, wimbi kubwa la Puerto Viejo, inavunjikia juu ya matumbawe, hiyo waachie wazoefu. Watoto waende ufuo jirani wa Cocles, penye mchanga, na hata pale mkondo unavuta. Waingie mbele ya waokoaji tu. Kupwa na kujaa huko ni kidogo mno, mtu wa Kilifi atashangaa. Barabara ya kutoka San José hufungwa mvua ikiporomosha mlima.

HatiKwanza
Na upande huo pia kuna mitego. Ardhi ya Wabribri, watu wa asili wa huko, pamoja na eneo lao la Kéköldi, haiuzwi kwa mtu asiye wa jamii za asili; ni sheria nyingine ya 1977. Manzanillo ni hifadhi tangu 1985. Bei ikiwa rahisi ajabu, uliza kwanza iko ndani ya mpaka upi.

MpwaniToronto
Ahsanteni sana. Nimemsomea mume wangu yote, ya BintiMvita nikasoma mara mbili. Tumekubaliana hatununui mwaka huu. Tunapanga nyumba Cocles, Januari na Februari, mtoto mkubwa atasoma kwa intaneti. BintiMvita, yule mama wa nazi anauza wapi?

BintiMvita
Cahuita, barabara ya kuingilia mbugani, mlango wa bluu. Jumapili tu, na fika kabla ya saa sita, sufuria inakwisha.