Studio kubwa za katuni, acheni kutugeuza vyura na njiwa. Tunataka watu!

Wakuu, husika na kichwa cha uzi. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri ipoe, kwa sababu kila nikisubiri naishia kuandika maneno laini yasiyomgusa mtu.

Juzi nimekaa na mpwa wangu, binti wa miaka saba, tukatazama The Princess and the Frog. Ni filamu ya 2009, mimi niliiona zamani, yeye ndiyo mara yake ya kwanza. Alishaambiwa kwamba humo kuna binti mfalme mweusi, kwa hiyo alibeba kigoda chake akakiweka mbele kabisa, pua karibu iguse skrini. Akatokea Tiana. Mhudumu wa mgahawa kule New Orleans, anatoka zamu hii anaingia zamu ile, sarafu za bakshishi anazitunza kwenye makopo ndani ya droo akiota kufungua mgahawa wake mwenyewe. Mtoto katulia tuli. Halafu Tiana akambusu chura, na yeye akawa chura.

Mpwa wangu akasubiri. Baada ya muda akageuka: "Mjomba, anarudi kuwa mtu saa ngapi?" Nikamwambia vuta subira. Vyura wakaingia kwenye kinamasi, wakakutana na mamba anayepiga tarumbeta, wakakutana na kimulimuli. Akauliza tena. Mara ya tatu hakuuliza, alinyanyua kigoda chake akaenda kucheza. Tiana aliporudi kuwa mtu, filamu inaelekea ukingoni, mtoto aliyemsubiri hakuwepo kumwona.

Najua kuna watakaosema jina lenyewe lina chura, ulitegemea nini. Haya, tuendelee. Spies in Disguise, 2019: jasusi hodari, mweusi, sauti ya Will Smith, haikupita muda kanywa dawa kawa njiwa. Brother Bear, 2003: kijana wa jamii za asili za kaskazini, kawa dubu. The Emperor's New Groove, 2000: mfalme kijana wa milima ya Andes, kawa lama. Na Soul ya 2020, ambayo ndiyo inaniuma kuliko zote, kwa sababu ni filamu nzuri kweli.

Joe Gardner ni mweusi, mwalimu wa muziki, mpiga piano, mtu mzima mwenye ndoto iliyochelewa. Muda mfupi tu tangu tumfahamu, anatumbukia kwenye shimo la barabarani na kugeuka kuwa roho ndogo ya rangi ya samawati isiyo na nywele wala umri. Akirudi duniani anaangukia ndani ya paka, na mwili wake unachukuliwa na roho nyingine. Sasa kuna ile sehemu ya kinyozi. Wakuu, itazameni tena. Wachoraji wamefanya kazi ya kutukuka: nywele za kila mteja zina mkunjo wake, ngozi zimepokea mwanga kila moja kwa namna yake, mazungumzo ya kwenye kiti yanakwenda kama yanavyokwenda penye kinyozi yeyote. Lakini anayezungumza pale kitini siye Joe. Ni yule roho mwingine kwa sauti ya Tina Fey, na Joe mwenyewe ni paka, yuko pembeni, anaangalia mtu mwingine akiishi maisha yake. Mliweza kumchora mtu huyu vizuri kiasi kile, halafu mkamtoa kwenye mwili wake. Kwa nini?

Nikiona moja nanyamaza, hadithi ndivyo ilivyotaka. Nikiona tano, tena zote mhusika mkuu si Mzungu, nasema kuna watu mezani wanaoogopa kwamba mtazamaji hatakaa saa moja na nusu akitazama uso huo. Sijui wanasemaje vikaoni. Najua kinachotufikia.

Na msiniletee Turning Red ya 2022. Mei, binti wa asili ya Kichina, anageuka panda mwekundu, ni kweli, lakini panda ndiye hadithi yenyewe: ni mwili wa binti unaobadilika, ni hasira aliyofundishwa kuificha, na uso wake hatuupotezi, anarudi kuwa Mei, anageuka tena, anarudi. Ile siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni ule ugeuzaji ambao ukiuondoa, unabaki na hadithi bora kuliko iliyotengenezwa. Tiana anayehangaikia mgahawa wake akiwa na miguu yake miwili, nani hapa angekataa kuitazama?

Kuweza wanaweza. Mwaka 2018 tulipewa Miles Morales, kijana mweusi anayekuwa Spider-Man, kwenye Spider-Man: Into the Spider-Verse, na waliomtengeneza walitumia ufundi wenyewe kumweleza. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Kwenye ile sehemu ya msituni, Peter, Spider-Man mzoefu, alipewa mkao mpya kila fremu, Miles akapewa mkao mpya kila baada ya fremu mbili. Ndiyo maana ukimtazama anaonekana kama anakwamakwama wakati mwenzake anateleza hewani. Hakuna mhusika aliyesimama kutangaza kwamba kijana bado anajifunza. Macho yako yalijua kabla ya akili. Na ile kofia anaivua, uso tunauona, ana mama muuguzi na baba polisi wanaomsumbua kama wazazi. Ikapata Oscar. Hicho ndicho ninachodai, si muujiza.

Sasa nije kwenye aina za hadithi, maana hapo ndipo damu inapochemka.

Kwenye Oscar za 2022, waliopanda jukwaani kutangaza filamu bora ya uhuishaji walizizungumzia kama vitu ambavyo watoto huvitazama tena na tena, na kwamba wazazi wanalijua hilo vizuri. Usiku huohuo, kati ya filamu zilizokuwa zinawania tuzo hiyohiyo, ilikuwepo Flee. Kama hujaiona: ni simulizi ya kweli ya Mwafghanistani aliyekimbia Kabul akiwa mtoto, akapita Moscow, akafika Denmark. Analala chali, anafumba macho, anamsimulia rafiki yake mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Imechorwa kwa sababu yeye hakutaka uso wake ujulikane, na jina analotumia humo, Amin, si lake. Pale kumbukumbu inapokuwa nzito kupita kiasi, michoro inapoteza rangi, watu wanabaki vivuli vya mkaa vinavyokimbia bila sura. Kamera ingefanyaje hapo? Hapana kamera inayoingia ndani ya kichwa cha mtu aliyesahau kwa makusudi. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kuteuliwa kwa pamoja kwenye uhuishaji, filamu za kumbukumbu za kweli na filamu za kimataifa. Na watu wanasimama jukwaani kuongelea watoto!

Kwa hiyo nataka simulizi za kweli zilizochorwa, nyingi, si moja kila baada ya miaka kumi. Nataka upelelezi: mauaji, mashahidi wanaokumbuka tofauti, na mchoro unaobadilika kulingana na nani anasimulia. Fikirieni hilo tu, chumba kilekile kimechorwa mara nne na kila shahidi ana rangi zake za ukuta. Nataka mapenzi ya watu wenye miaka hamsini. Nataka kesi mahakamani. Nataka ya kutisha, ya kutisha haswa.

Kwenye hofu niseme kidogo, kwa sababu mmeshatuonyesha kwamba inawezekana hata mbele ya watoto. Puss in Boots: The Last Wish, 2022. Mbwa mwitu anapiga mluzi, na yule paka wa kujigamba miaka yote nywele zinamsimama. Baadaye anakimbia mpaka pumzi inamwishia, anajishika kwenye mti, hawezi kusema. Mbwa mdogo anakuja, hatoi ushauri, anamlalia tumboni mpaka mapigo ya moyo yatulie. Basi. Niliitazama nikiwa mtu mzima nikalia, sioni aibu kusema. Kumbe mnayajua haya! Kumbe mnajua hofu ina mwili! Mbona basi mnaitoa kwa kijiko?

Wahusika wengine ninaowadai. Bibi kizee ambaye si mchawi na si wa kuchekesha meno. Mama aliye hai: tangu Bambi ya 1942 mama ni wa kufa ili mtoto apate safari, Finding Nemo ya 2003 naye kaliwa kabla hata watoto hawajaanguliwa, Frozen ya 2013 wazazi wote wawili wamezama na meli. Mtu mwenye ulemavu ambaye mwisho wa filamu haponi, kama Hiccup wa How to Train Your Dragon ya 2010 anayeamka amepoteza mguu, anaukanyagia ule wa chuma na maisha yanaendelea. Ile ilikuwa miaka mingi iliyopita na bado ndiyo mfano ninaoukimbilia kwanza. Na adui awe adui tangu mwanzo. Frozen, Big Hero 6, Zootopia, Coco, zote mtu mwema anageuka kuwa mbaya mwishoni. Tumeshazoea. Siku hizi akitokea tu mtu mpole mwenye tabasamu, ukumbini kila mtu ameshajua.

Nyimbo sina ugomvi nazo, ila zisiwe lazima.

Jibu lao tunalijua: watu hawaendi kutazama kitu kipya. Mwaka 2024 filamu tatu za uhuishaji zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani zilikuwa Inside Out 2, Moana 2 na Despicable Me 4. Zote mwendelezo. Wanazichukua hizo wanasema mmeona, nyinyi wenyewe ndio mnaochagua. Tunachagua nini kama mezani kuna sahani moja? Mwaka huohuo ikatoka Flow, ya Latvia, paka na wanyama wenzake ndani ya mashua kwenye gharika, hakuna anayetamka neno hata moja mwanzo mpaka mwisho. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo yeyote kati yenu anaweza kuipakua leo. Ikachukua Oscar 2025 mbele ya Inside Out 2. Na muone nisivyowachukia wanyama: yule paka ni paka, hakuna mtu aliyefichwa ndani yake. Kisha 2025 ikaja KPop Demon Hunters, hadithi mpya kabisa isiyo na namba mwishoni, ikawa filamu iliyotazamwa zaidi katika historia ya Netflix. Kisingizio kimebaki kipi?

NYONGEZA: Naona wadau wawili wananiambia niachane na Hollywood nitazame za Kijapani. Jamani, natazama, tena tangu zamani. Kwenye Grave of the Fireflies kuna kopo la peremende. Peremende zimekwisha, vita inaendelea, na kaka mtu anatia maji ndani ya kopo, analitikisa, anampa mdogo wake anywe ile ladha iliyobaki. Yule mtoto anataja ladha moja moja. Ilitoka 1988. Kwa hiyo msinifundishe kwamba katuni inaweza, mimi ndiye ninayesema hivyo tangu mstari wa kwanza. Hasira yangu ni kwa wale wenye fedha za kuifikisha kazi ya namna hiyo kwenye kila ukumbi duniani, ambao wanazitumia kumgeuza Tiana chura.

Sasa nisaidieni jambo moja. Jumamosi nakaa tena na mpwa wangu. Natafuta filamu ambayo binti mweusi ndiye mhusika mkuu na anabaki mtu tangu inaanza mpaka majina yanapita. Home ya 2015 tumeshaiona, Iwájú ni mfululizo wa vipande na tumevimaliza. Mwenye nyingine aandike hapa chini, na tafadhali awe ameitazama yote mwenyewe.